Maktaba Yetu Si ya Helsinki

Tulipotaka kuikarabati maktaba ya chuo chetu hapa Mombasa, msanifu majengo alikuja na picha za Helsinki, Finland. Kijana mwenye adabu zake, shati limekunjwa mikono, akatuonyesha maktaba ya Oodi kwenye ukuta wa chumba cha mikutano: dari yenye mawimbi, vioo kutoka sakafuni hadi juu, miti imepandwa ndani ya nyumba, watu wamejilaza na vitabu vyao. Oodi ilifunguliwa Desemba 2018, na ni nzuri kweli, sitaki nionekane mtu wa kununia vya wenzake. Kamati nzima ikaguna kwa raha. Mwenyekiti akanigeukia, kwa kuwa mkutubi pale mezani nilikuwa mimi peke yangu, nami nikauliza: hapo nje kuna baridi kiasi gani?

Sikuwa nikitania. Jengo la Finland kazi yake ni kulishika joto lisitoke. Jengo la Mombasa kazi yake ni kulitoa. Mtu akikujengea ukuta wa kioo unaotazama magharibi, kisha ukae nyuma yake saa tisa alasiri mwezi wa Februari, hapo husomi, unaokwa. Utahitaji viyoyozi vikubwa kutwa kucha, na bili ya stima ya chuo chetu naijua. Nimeiona ikizungushwa ofisi hadi ofisi ikitafuta wa kuilipa.

Wakutubi wenzangu wa vyuo vingine, wa hapa na wa bara, wananiuliza tuliifanya nini ile nyumba ya zamani. Naandika hapa ili nisirekodi sauti ndefu za WhatsApp kwa kila mmoja.

Jengo letu ni la wakati chuo kilipokuwa taasisi ndogo yenye wanafunzi mia kadhaa. Sasa ni maelfu na nyumba ni ile ile: orofa mbili, sakafu ya terazo, madirisha ya luva kwenye pande zote mbili ndefu, veranda inayotazama mwarobaini. Aliyelijenga alijua upepo. Iwe ni kusi, inayoanza Aprili au Mei, iwe ni kaskazi ya mwisho wa mwaka, kuna upande unaoingiza hewa na upande unaoitoa. Hilo si jambo geni pwani. Nyumba za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale zina kuta nene na dari za juu kwa sababu hizo hizo, na ndani mna madaka yaliyochongwa ukutani, ambamo watu waliweka sahani za kauri na misahafu muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutuuzia rafu za chuma.

Kisha yakaja maendeleo. Miaka mingi kabla yangu, luva za chini zilizibwa kwa plaiwudi ili viyoyozi viwekwe. Viyoyozi vikafanya kazi, vikachoka, vikafa kimoja kimoja. Plaiwudi ikabaki. Nilipoajiriwa niliikuta imepakwa rangi ya krimu mara nyingi hata ukidhani ni ukuta. Nyuma ya rafu za 600 kwa namba za Dewey tunazopangia vitabu, kwenye vitabu vya uhandisi, palikuwa na doa jeusi lililopanda hadi darini. Niliuliza ni nini. Nikaambiwa ni kivuli.

Kilikuwa kuvu, bila shaka. Kuvu inaanza kustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na hewa ya kisiwa hiki kwa miezi mingi iko juu ya hapo bila kusaidiwa na mtu. Kinachoiharakisha ni ule mtindo wa maofisi yetu: kiyoyozi kinawashwa asubuhi, kinazimwa jioni mlinzi akifunga mlango. Mchana vitabu vinapoa. Usiku hewa ya joto yenye unyevu inapenya kwenye nyufa, inakutana na majalada baridi, inageuka maji. Maji kidogo tu, ya kutosha kuvu kufuturu. Ukifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima, afadhali usingewasha kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolipigania halikuwa kompyuta wala viti vya rangi rangi. Nilitaka plaiwudi itoke. Msanifu, namshukuru kwa hili, alikuwa mwepesi wa kusikia. Alirudi wiki iliyofuata na kipande cha uzi amekifunga kwenye fimbo, akazunguka nacho ukumbini akitazama unavyopeperuka, kisha akakiri kuwa madirisha yale yakifunguliwa pande zote mbili na feni kubwa zikatundikwa juu, wanafunzi watakaa. Tukaweka wavu wa mbu kwenye luva zote, maana mbu wa hapa hawaheshimu mtihani wa mtu. Kiyoyozi kikaachwa mahali pawili tu: chumba cha seva, na chumba kimoja kilichozibwa vizuri kwa ajili ya makusanyo maalumu, yaani tasnifu za zamani, ramani, na magazeti yaliyojalidiwa. Humo pia mna mashine ya kukausha hewa, inafanya kazi usiku na mchana, na maji inayoyatoa yanapita kwenye bomba hadi kwenye mche wa mlimau nje. Mlimau unaendelea vizuri kuliko bajeti yetu.

Sasa vitabu. Hapa ndipo nilipopoteza marafiki.

Ili nafasi ipatikane ilibidi vitabu vipunguzwe, na hakuna jambo linalomfanya mhadhiri ambaye hajakanyaga maktaba tangu alipopata shahada ya uzamifu aje mbio kama kusikia vitabu vinatolewa. Mpaka leo kuna wanaonisalimia kwa kichwa tu. Lakini ingieni mjionee, niliwaambia. Tulikuwa na safu nzima za vitabu vya msaada vilivyoshushwa Kilindini kwa makontena: miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna kompyuta hai inayoweza kuziendesha, vitabu vya kodi ya mapato ya nchi ambayo si yetu, nakala kadhaa za kitabu kimoja cha uuguzi kilichopitwa na dawa zake. Mtu alisafisha ghala lake ng'ambo, akapigwa picha akikabidhi, nasi tukawa tunapangusa vumbi. Tulikuwa na vitabu vya sheria vilivyoandikwa kabla ya Katiba ya 2010, vinavyomfundisha mwanafunzi mfumo wa serikali ambao haupo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kwamba haupo. Anakiona rafuni mwa chuo kikuu, anakiamini, anakinukuu, anaanguka.

Na kwenye chuo cha umma hukichukui tu kitabu ukakitupa. Kitabu ni mali ya serikali, kina muhuri na namba. Sheria ya ununuzi wa umma na uondoaji wa mali ya mwaka 2015 inataka kamati ya uondoaji, orodha, mapendekezo na saini. Nilikaa na orodha hizo hadi zikaniingia ndotoni. Programu yetu ya maktaba ni Koha, ile ya bure iliyotungwa New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000, na humo niliweza kutoa orodha ya vitabu ambavyo havijaazimwa tangu tulipoingiza kumbukumbu zetu. Orodha ilikuwa ndefu hivi kwamba printa iliomba wino katikati.

Lakini kompyuta haijui kila kitu, na hapa nampa haki yake mwalimu mmoja wa historia, mzee wetu, anayekuja na fimbo. Alisimama mbele ya toroli la vitabu vya kutolewa akavuta kimoja kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza ya 1967 iliyovunjika 1977. Hakijaazimwa miaka na miaka, kurasa zimekuwa za hudhurungi.

"Hiki mwakitoa kwa sababu gani?"

"Kimepitwa na wakati, Maalim. Jumuiya hiyo haipo."

"Ndiyo maana nakitaka. Mwanafunzi wa sasa akiambiwa jumuiya ilivunjika, atasoma wapi waliokuwa wakiisifu wiki moja kabla haijavunjika?"

Kilirudi rafuni, pamoja na vingine ambavyo alivikagua mwenyewe kwa siku kadhaa akiwa amekaa juu ya kigoda, kikombe cha kahawa tungu chini ya kiti ambacho sote tulijifanya hatukioni. Kanuni tuliyoishikilia baada ya hapo ni kwamba kitabu cha tiba au cha sheria kikizeeka kinadanganya, kitatoka. Cha historia, siasa na fasihi kikizeeka kinageuka ushahidi, hicho kitabaki. Rafu za 496.392 na 896.392, lugha ya Kiswahili na fasihi yake, hazikuguswa hata kitabu kimoja, na sikuruhusu mjadala.

Kabati la kadi za orodha ya vitabu lilitaka kuuzwa. Mnalikumbuka, nyinyi wa rika langu: droo ndogo ndogo, fimbo ya shaba inapita kwenye tundu la kadi, unapekua kwa kidole hadi ncha inakuwa nyeusi. Hata OCLC, shirika la maktaba kule Marekani, waliokuwa wakichapisha kadi hizo kwa maktaba chungu nzima, walichapisha za mwisho Oktoba 2015, sasa sisi tungezitunzia nini? Lakini kabati lenyewe ni la mvule na mishikio yake ni ya shaba. Tukalihamishia kwenye deski la kuazima. Droo zilizokuwa na kadi za A hadi Z sasa zina chaja, vikokotoo, waya za aina aina na spika za masikio, na mwanafunzi anaviazima kwa kitambulisho kama anavyoazima kitabu. Ndicho kitu kinachoazimwa kuliko vyote hivi sasa. Wenye kucheka wacheke.

Mhandisi naye alitufundisha jambo ambalo wengi hawalifikirii. Vitabu ni vizito kuliko watu. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka sakafu ya ukumbi wa kusomea ibebe karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba, lakini sakafu ya rafu za vitabu ibebe zaidi ya kilo 700. Miaka yote hiyo rafu zetu nzito zilikuwa juu na wasomaji chini, na kule juu palikuwa na ufa tuliozoea kuuvuka. Basi tukageuza: vitabu vikashuka, wanafunzi wakapanda. Kushusha vitabu kulifanywa kwa mikono, kwa mnyororo wa watu ngazini, wafanyakazi na vijana wa chama cha wanafunzi, na viazi karai vya kutosha. Hapana mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba migongo iliuma.

Ngazi ndiyo iliyotaka kutugombanisha. Katika michoro ya kwanza palikuwa na ngazi mpya katikati ya ukumbi: vikanyagio vya kioo, kingo za kioo, ukiwa chini unaona hadi juu. Ilipendeza kwenye skrini. Wanaume wa kamati waliipitisha kwa dakika mbili. Sisi wanawake, mimi, dada wa fedha na mama anayesimamia usafi, tulitazamana. Mama wa usafi ndiye aliyesema, kwa sauti ya upole kabisa: "Na wasichana watapandaje hapo, hali hawa wamekaa chini wanatazama?"

Kimya. Msanifu akawa mwekundu masikioni. Nusu ya wanafunzi wetu ni wasichana, wengi wanavaa buibui au dera, na hata asiyevaa hataki kupanda juu ya vichwa vya wavulana kwenye ngazi inayoonyesha. Kioo kikafutwa, ngazi ya zamani ya zege ikabaki, ikapakwa rangi na kuongezwa mshikio wa mbao. Vile vile viti virefu vya baa, vya kuning'iniza miguu, vikaondolewa kwenye orodha. Jaribu wewe kukipanda kwa buibui, mkoba begani na laptopu mkononi.

Viti na meza, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mpango ulikuwa kuuza meza za zamani kwa mnada na kununua mpya, nyeupe, za ule unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kupakwa plastiki. Nilishaziona meza hizo kwenye ofisi moja hapa mjini. Baada ya msimu mmoja wa mvua za masika kona zilikuwa zimefura, baada ya miwili plastiki ilikuwa inabanduka. Unyevu na chumvi ya bahari havina huruma. Nikamleta fundi mmoja wa mtaa wa Majengo, mzee aliyefanya kazi ya mbao tangu utotoni, aje azitazame zile za zamani kabla ya mnada. Alipiga magoti chini ya meza, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa.

"Mbao hini, mwanangu, huipati tena," akasema. "Hini ni mvule. Wauza kwa bei ya kuni, kisha wanunua vumbi?"

Meza zikabaki. Zilipigwa randa, majina ya wapenzi wa miaka ya themanini yakaondoka pamoja na hesabu za kalkulasi zilizochorwa kwa kalamu ya wino (moja tuliiacha, iko upande wa dirisha, jibu lake ni sahihi). Fundi akatoboa matundu katikati, fundi wa stima akapitisha nyaya kwenye mifereji chini ya meza, na kila mtu anayekaa ana soketi yake ya pini tatu na tundu la chaja. Hakuna jambo lililobadilisha maktaba yetu kuliko hilo. Zamani palikuwa na soketi chache ukutani, na wanafunzi walikaa sakafuni kuzizunguka, miguu imenyooshwa njiani, huku viti vya katikati vitupu. Tulidhani hawapendi viti.

Kelele za viti vikiburutwa kwenye terazo zilitusumbua. Muuzaji mmoja alipendekeza zulia ukumbi mzima. Zulia, Mombasa, na mchanga, na unyevu! Fundi alikusanya kandambili mbovu, akakata vipande vya mviringo, akavigongomea chini ya kila mguu wa kiti. Gharama yake sijui niiandike wapi kwenye hesabu.

Kitu kingine tulichokifuta ni kaunta ya mikoba. Mwanafunzi yeyote wa Kenya anaijua: unafika mlangoni, unaacha mkoba nje kwenye tundu la rafu, unapewa kibao cha namba, unaingia na daftari na simu mkononi, na ukitoka unaomba Mungu uukute. Ilikuwa kwa sababu ya wizi wa vitabu, na wizi ulikuwepo, hasa kurasa kuchanwa. Sasa vitabu vina vibanzi vya sumaku na lango linalia ukipita na ambacho hukuazima. Mikoba inaingia. Maji ya chupa yenye kifuniko yanaingia pia, na hilo lilihitaji vikao vingi kuliko lango lenyewe. Wenzangu wa zamani waliniambia nitajuta, mende watajaa. Mende walikuwepo tangu zamani, tena kwenye ofisi zetu wenyewe, tunakokula mahamri.

Kuhusu vitabu vya mtandaoni nitapita haraka. Vyuo vya Kenya vinachanga pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na kwa mchango huo mwanafunzi wetu anafungua majarida na vitabu ambavyo chuo peke yake kisingeweza kuvinunua. Shida ni kwamba wengi hawakuwa na habari. Walichokuwa wakitafuta kwenye tovuti yetu kuliko kitu chochote ni mitihani ya nyuma. Basi tukaiweka mitihani ya nyuma mbele kabisa, na pembeni ya kila somo tukaweka vitabu vya mtandaoni vya somo hilo. Wanafuata mtihani, wanakikuta kitabu.

Waifai yenyewe ilitupa somo la ramani. Kabla ya ukarabati, ukipita nje usiku baada ya maktaba kufungwa ungewakuta vijana wamechutama kando ya ukuta wa nyuma, nyuso zinameremeta kwa mwanga wa simu. Bando ni ghali, na mawimbi yetu yalikuwa yanavuja kupitia dirisha la chumba cha seva. Msimamizi mmoja alipendekeza wafukuzwe, au waifai izimwe saa moja. Mimi nikapendekeza wajengewe mahali. Chini ya mwarobaini sasa pana baraza ya mawe inayozunguka, imepigwa saruji laini, ina soketi zenye vifuniko vya mvua na taa tatu. Msanifu aliiandika kwenye mchoro kwa jina refu la kitaalamu. Ndiyo sehemu ya kwanza kujaa, ndiyo ya mwisho kuondokewa, na wanabishana humo kwa sauti wanayoitaka huku ndani kukiwa kimya. Watu wa makundi ya masomo wamehamia hapo wenyewe bila kuambiwa.

Njia ya viti vya magurudumu ilichelewa, na nisingependa kusifia kilichochelewa. Ngazi za mbele zinapanda karibu sentimita 90, na mwinamo unaokubalika ni wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hivyo inatakiwa njia ya karibu mita 11 pamoja na mahali pa kupumzikia. Haikutosha kwenda moja kwa moja bila kuziba lango, ikabidi ikunjwe kona. Mkandarasi alitaka kuifupisha. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa, na njia yenye mwinamo mkali hadi usukumwe na watu wawili haifai. Ilivunjwa ikajengwa tena. Orofa ya juu bado haifikiki kwa kiti cha magurudumu, lifti iko kwenye awamu ijayo, na mpaka hapo mtu akitaka kitu cha juu tunakishusha sisi.

Jambo la moto nililishikilia kwa sababu ya Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlima wa Table Mountain uliunguza ukumbi wa kusomea wa Jagger wa chuo kikuu cha kule, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya Afrika. Milango ya moto iliyojifunga yenyewe ndiyo iliyoyaokoa makusanyo mengine. Kamati ilipotaka kuokoa pesa kwenye mlango wa chumba cha makusanyo maalumu, niliwaonyesha picha ya moto ule. Mlango ukanunuliwa. Kuna picha za Helsinki, na kuna picha nyingine.

Kilichobaki ni saa za kufungua. Tunafunga saa tatu usiku. Wanafunzi wanaokaa Likoni wanatoka mapema kuwahi feri, hao wanataka tufungue alfajiri. Wanaokaa Kisauni na Mishomoroni, watu sita chumba kimoja, televisheni imewashwa, wanataka tufunge saa sita. Ramadhani watu wanataka kuja baada ya tarawehe. Stima ipo, jenereta ipo, viti vipo. Kinachozuia ni jinsi wafanyakazi, ambao wengi ni wanawake, na wasichana watakavyofika nyumbani saa hizo. Nimeomba basi la chuo lizunguke mara moja usiku wakati wa mitihani. Msimamizi wa magari hakukataa, aliniuliza tu dizeli itakatwa kwenye fungu la idara gani. Nikamwambia ya maktaba. Akasema, sawa Madamu, hilo liandike. Nimeliandika, na nakala ya barua nimeibandika kwenye ubao wa matangazo pale baraza, ili wanaouliza wamuulize yeye.